Rangi ya njano ya mafuta ya siku hizi inataka mkono wa tatu, na bado naipa nyota nne

Nianze na lawama, maana ndizo zinazofanya nipigiwe simu na mafundi wenzangu. Njano ya mafuta ya siku hizi haizibi, yaani haifuniki kilicho chini yake. Unapiga mkono wa kwanza juu ya bomba la chuma, unarudi nyuma hatua mbili, chuma kinakuchungulia. Unapiga wa pili, kwenye maungio ya welda bado kuna kivuli. Njano tuliyojifunzia kazi sisi ilikuwa mikono miwili umemaliza, na kopo linabaki na kitu cha kupakia kibao cha jirani. Sasa wa tatu hauepukiki, na sijamwona mteja anayependa kusikia habari za mkono wa tatu.

Pamoja na hayo naipa nyota nne kati ya tano.

Rangi ninayoizungumzia ni glosi ya mafuta, njano, kopo la lita nne, iliyotengenezwa hapahapa Kenya, yenye lebo inayosema madini ya risasi hayazidi 90 ppm, yaani sehemu 90 katika kila milioni. Chapa sitaitaja. Nimepaka za viwanda kadhaa na tabia yao ni moja, kwa hiyo ukinunua yoyote ya daraja hilo utakutana na haya ninayoyasema. Kazi yenyewe ilikuwa ya chekechea moja huku Kisauni, Mombasa: bembea, mteremko, grili za madirisha na geti. Mwalimu mwenye shule alitaka njano tu. "Fundi, nataka ile ya mstari wa matatu," akaniambia, "mzazi aione tangu barabarani." Tulipaka katikati ya kusi, msimu wa upepo wa kusini, hewa imejaa unyevu na chumvi, basi rangi ilijaribiwa ipasavyo.

Kwa nini haizibi? Ile njano nzito ya zamani ilikuwa ikitiwa kromati ya risasi. Ni unga wa njano kali, haupitishi mwanga, unavumilia jua, na ni wa bei ndogo. Kiwandani si rahisi kupata unga mwingine unaofanya yote hayo kwa bei ile. Ukiuchanganya na buluu unapata kijani, ndiyo maana kijani cha mafuta nacho kilibeba risasi. Ndugu yake, mwenye molibdenamu ndani, ndiye aliyekuwa akitoa rangi ya chungwa na nyekundu za kuwaka. Njano za sasa nyingi hutiwa unga wa kemikali usio na madini hayo, na unga huo unapitisha mwanga zaidi. Upo pia unaotokana na bismathi, mzuri kweli, lakini bei yake utaiona kwenye kopo. Nyeupe yenyewe ilishahamia titani zamani, na titani inaziba kila kitu. Kwa hiyo fundi anaweza kupaka nyumba nzima nyeupe na krimu asijue kwamba kuna sheria iliyobadilika. Akifika kwenye njano ndipo anaijua.

Risasi ilikuwa na kazi ya pili, ya kukausha. Glosi ya mafuta haikauki kama rangi ya maji, ambayo maji yakishatoka basi. Mafuta yenyewe hushikana na hewa yakaganda, na yanahitaji kitu cha kuyaharakisha. Chumvi za risasi zilikuwa hodari kwa kugandisha rangi mpaka ndani kabisa. Siku hizi viwanda hutia kobalti, inayokausha juu, wakaisaidia kwa zirkoni au kalsiamu upande wa ndani. Inafanya kazi, ila ukipaka nene wakati wa kusi utagusa juu pakavu, ukibonyeza kwa kucha unakuta chini pangali laini. Dawa ni kupaka nyembamba. Lebo itakuambia usiku mmoja unatosha. Wewe kwa hewa yetu mpe mchana mmoja zaidi, na geti usilifunge mapema, litashikana na fremu yake na siku ya kulifungua litang'oa ngozi.

Sasa hiyo 90. Chukua rangi uiache ikauke, upime kilo moja ya ile iliyokauka: risasi ndani yake isizidi miligramu 90. Kwa asilimia ni 0.009. Njano za zamani, katika nchi nyingi zilikopimwa, zilikutwa zimepita 10,000, yaani asilimia moja nzima ya uzito wake ni risasi. Hapa Kenya kikomo cha 90 kimo kwenye viwango vya lazima vya KEBS, shirika la serikali la viwango vya ubora, tangu 2018. Wamarekani waliweka 600 mwaka 1978, wakashuka hadi 90 mwaka 2009. Namba yao na yetu ni moja, na hili linanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza, maana tumezoea kuuziwa vilivyokataliwa kwingine.

Mwalimu aliniuliza mbona wasiseme sifuri. Ni kwa sababu udongo na madini yanayosagwa kutengeneza rangi hubeba chembe za risasi zenyewe, bila mtu kuzitia. 90 ni kiwango ambacho kiwanda kinaweza kukifikia kikiacha tu kutia risasi kwa makusudi. Hakihitaji mashine ya ajabu wala fomula ya siri. Kinahitaji kununua unga mwingine, na ndipo bei inapopanda na mkono wa tatu unapozaliwa.

Kununua ndiko kwenye kazi. Duka la kwanza nililoingia ni la mtu ninayemheshimu, kwa hiyo jina na mtaa niachieni. Nilipomwambia nataka njano ya bembea akaniangalia kama anayenifanyia hisani, akainama chini ya kaunta, akatoka na mkebe usio na karatasi.

"Hii ndiyo ile yenyewe, fundi. Nzito. Mkono mmoja na nusu umemaliza."

"Ami, imetoka wapi hii?"

"Imetoka kwa watu."

"Ina risasi?"

"Rangi gani isiyokuwa na risasi? Babu yako alipaka, baba yako akapaka, na wewe umezaliwa."

Nikamwambia bembea ni ya watoto wa miaka mitatu, minne. Akaurudisha mkebe chini ya kaunta bila ugomvi na kuniletea yenye lebo. Hilo ndilo lililonikera zaidi, kwamba hakubisha. Alijua tangu mwanzo ipi ni ipi.

Basi soma lebo. Tafuta alama ya ubora ya KEBS na nambari ya kibali iliyo chini yake, kisha tuma ujumbe SM#, ikifuatiwa na nambari hiyo, kwenda 20023. Utajibiwa kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Jibu halipimi risasi, ila linakuonyesha kama alama ni ya kweli au imechapishwa Jua Kali. Nilifanya hivyo nikiwa nimesimama dukani, ami ananitazama, na nashauri ufanye vivyo hivyo, tena taratibu. Angalia pia nambari ya bachi na tarehe ya kutengenezwa. Maandishi makubwa ya mbele yenye picha ya jani la kijani na mtoto anayecheka mimi siyategemei. Nataka kuona 90 imeandikwa kwa tarakimu. Kwenye kopo langu ilikuwa nyuma, herufi ndogo za kumtafutia babu miwani. Hapo nimekata robo nyota. Kiwanda kimegharamika kuondoa sumu halafu kinaificha sifa yake kama mtu anayeficha deni.

Na kama duka linakuchanganyia rangi kwa mashine, uliza ile pesti ya rangi inayodondoshwa ndani imetoka kiwanda gani. Kopo la msingi linaweza kuwa safi, na pesti ikawa habari nyingine.

Kuna jambo la mafundi wa welda ambalo halina budi kusemwa. Wengi hupiga geti na vitanda kwa rangi ya magari, kwa spreya, kwa sababu inakauka upesi na mng'ao wake unauza. Rangi hizo zimetengenezwa kwa gari au mtambo, si kwa kitanda cha mtoto, na mara nyingi kopo lenyewe linasema hivyo. Ukikutana na kitanda cha mtoto kando ya barabara kinang'aa kama bodaboda mpya, muulize fundi akuonyeshe kopo. Akikuonyesha, vizuri. Akianza kukueleza habari za bei, endelea na safari.

Turudi kwenye brashi. Njano hii inatandazika vizuri, haiachi mistari ukiipunguza kidogo kwa tapentaini, na haitiririki kwenye mabomba ya duara kama nilivyohofia. Harufu ni ileile ya glosi. Nasema hili kwa sababu mwalimu alidhani rangi isiyo na risasi haina harufu, akataka watoto warudi kesho yake. Mafuta ni mafuta. Madirisha wazi, watoto wabaki kwao mpaka ikauke kabisa.

Tatizo la kuziba nililitatua kwa andakoti nyeupe, ile rangi ya chini inayotangulia glosi. Nilipiga praima ya kuzuia kutu, nikapiga andakoti nyeupe mkono mmoja, ndipo njano. Juu ya nyeupe inawaka, na mikono miwili ya njano inatosha. Kwa hesabu bado ni mkono wa ziada, lakini andakoti ni rahisi kuliko glosi ya njano. Ukiipiga njano moja kwa moja juu ya redoksaidi, ile praima ya kahawia, utalia, itageuka rangi ya haradali na utamaliza makopo. Na kwa kuwa vijana huniuliza: redoksaidi ile ya kahawia ni oksidi ya chuma, yaani ndugu wa kutu, si risasi. Praima ya risasi nyekundu ni nyingine, huwa ya chungwa kali, na ilipendwa sana kwenye vyuma na meli. Hata hivyo ya kahawia nayo inunue yenye lebo.

Miezi imepita sasa, na upande wa bembea unaopigwa na jua la mchana umeanza kupauka kidogo. Upande wa mwarobaini uko vilevile. Kromati ya risasi isingepauka upesi hivi, niseme ukweli. Hapo ndipo robo tatu ya nyota ilipokwenda.

Lakini haya yote ni habari za kopo. Kikomo cha serikali kinahusu kopo. Bembea ile tulipoikuta, kabla ya kuipaka, ilikuwa na nyekundu iliyobanduka, chini yake kijani, chini ya kijani njano nzito ya enzi zile, na hakuna kibali cha 20023 cha kuniambia ndani mna nini. Kijana wangu alikuwa ameshachomeka grainda. Nikamwambia zima.

Rangi ya zamani iliyotulia, haijabanduka, haina haraka na mtu. Ukiisaga kikavu ndipo unapoifanya vumbi, na vumbi hilo linaingia mchangani, kwenye vidole, mdomoni. Risasi ina utamu kwenye ulimi, na mtoto akishaonja kipande hakuna linalomzuia kurudi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwenye damu. Inagusa ubongo unaokua. Mtoto haanguki wala hatapiki siku hiyo. Huonekana baadaye kuwa mzito wa kusoma, nasi tukasema hana akili. Sisi watu wa Mombasa habari hii hatukusimuliwa. Mtaa wa Owino Uhuru tunaujua, pale kiwanda cha kuyeyusha betri kilipowatia watu risasi, hata mahakama ya mazingira na ardhi hapa mjini ikaamua mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3. Ule ulikuwa moshi wa kiwanda na maji yake. Rangi hufanya kazi hiyohiyo polepole, nyumbani, na hakuna wa kumpeleka mahakamani.

Nilipoanza kuisoma habari hii nilistaajabu kuwa ni ya zamani mno. Mwaka 1904 daktari wa macho wa Brisbane, Australia, John Lockhart Gibson, aliandika kwamba sumu iliyokuwa ikiwaumiza watoto wa huko ilitoka kwenye rangi ya kuta na reli za baraza za nyumba zao, iliyogeuka unga kwa jua na kushika vidoleni. Baraza, jua, mtoto, vidole mdomoni: ungesema ni mtaa wa Majengo hapa Mombasa. Jimbo lao la Queensland likatunga sheria mwaka 1922. Mwaka mmoja kabla, 1921, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba nambari 13 wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, isipokuwa pachache, na humo wametajwa mafundi kama mimi: kuwe na hatua dhidi ya vumbi la kusugua na kukwangua kukavu, fundi avae ovaroli, apate mahali pa kunawa. Miaka mia imepita, na mimi nimefundishwa kazi na watu waliosugua kikavu huku wakiimba. Mkataba huo uliruhusu unga mweupe wenye risasi hadi asilimia 2, ambayo ni 20,000 ppm. Linganisha na 90.

Kwa hiyo bembea tuliisugua kwa msasa wa maji. Unatandika nailoni chini, unalowesha, unasugua, unafuta kwa kitambaa, tope linabaki kwenye nailoni badala ya kupaa. Barakoa ya vumbi puani, si leso. Palipobanduka tulikwangua kwa skrepa pakiwa pamelowa. Palipokuwa pameshika imara tulipalainisha tu ili rangi mpya ishike, hatukuchimba mpaka chumani. Usichome rangi ya zamani kwa moto, moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Nailoni ikakunjwa na uchafu wake, mchanga wa juu chini ya bembea ukakwanguliwa na kubadilishwa. Ovaroli nilivua palepale, likafuliwa peke yake. Nina wajukuu, wananirukia mlangoni.

Msasa wa maji uliongeza muda, na ndio uliosababisha mvutano na mwalimu kuhusu malipo. "Fundi, mbona yule mwingine alisema siku moja?" Nikamwambia yule mwingine ana grainda. Tukakubaliana nusu ya nyongeza, na yeye akatoa chai na mahamri kila asubuhi, ambayo nimeihesabu kama malipo kwa sababu mahamri yale yalistahili.

Wengine wameniuliza kuhusu vile vijiti vya kujipimia vinavyouzwa mtandaoni, unasugua kwenye rangi kikigeuka chekundu kuna risasi. Vimekusudiwa kugundua rangi ya zamani yenye risasi nyingi. Kwa hilo vinasaidia, japo kwenye rangi nyekundu rangi yenyewe hukuchanganya macho. Kujua kama kopo jipya liko chini ya 90 haviwezi kabisa. Hilo ni kazi ya maabara. Usije ukapima mkebe usio na karatasi wa chini ya kaunta, ukaona kijiti hakijageuka, ukasema salama.

Bei: kopo la njano lilikuwa ghali kuliko la nyeupe la kiwanda hichohicho, na lile lisilo na lebo lilikuwa chini ya vyote. Ukijumlisha andakoti, kazi ya chekechea ilizidi makadirio yangu ya kwanza kwa kiasi cha kumfanya mwalimu avue miwani, si cha kumfanya afukuze fundi. Kwa grili za dirisha la nyumba ambako watoto hawagusi, watu watakuambia haina haja. Mimi sijawahi kuona grili ya dirisha la Mombasa ambayo mtoto haigusi. Huning'inia hapo kumwita mwenzake.

Kuziba: nyota tatu. Kukauka kwa kusi: tatu na nusu. Kutandazika: tano. Kuvumilia jua: tatu na nusu. Lebo: ingekuwa tano wangeweka namba mbele. Ninachokilipia hasa hakionekani kwa macho, nacho nimekipa tano, ndiyo maana jumla imefika nne.

Mwalimu sasa anataka madawati yawe ya kijani. Nimemwambia atenge pesa ya andakoti kwanza, na asinunue chochote mpaka nifike naye dukani.